Kinywa cha Mama Sato

Enzi samaki walipokuwa wakishtakiana, watoto wa samaki walianza kupotea ziwani, na Fisi-maji akapewa kazi ya kuchunguza nani anakula nini. Alijiona bingwa: kwake, kinywa cha mtu kilitosha kumfichua.

Kambare akamjia, tumbo mbele. "Bwana mkubwa, mtazame Mama Sato alivyovimba mashavu. Nimeona kwa macho yangu kitoto kikiingia kinywani mwake!"

Wakamwendea pamoja.

"Mama, hebu achama," akasema Fisi-maji.

Mama Sato akatikisa kichwa.

"Basi sema umekula nini."

Akatikisa tena, macho hayabanduki kwa Kambare.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," akasema Fisi-maji, akamuua, akampasua tumbo. Hamkuwa na kitu ila mwani alioukwangua maweni. Kinywa kilipolegea, wakatoka watoto wake wote, wazima, aliokuwa amewaficha humo.

Ndipo Fisi-maji alipoelewa kwa nini mama yule hakujibu.

Watoto wakamwona Kambare, wakarudi mbio kinywani mwa mama yao. Lakini kinywa kile hakikuwa tena na wa kukifumba, na Kambare alikuwa amekwisha achama.