Jina Lililoitikiwa

Kila asubuhi saa mbili, hema la Mama Faida kambini lilijaa wanafunzi. Sheria ilisema mtoto aliyekimbia vita asitenganishwe na mwalimu wala wenzake, hata wakitawanyika nchi saba. Basi Faida alipowasha taa ya shule, iliyoleta taswira za walio mbali, watoto thelathini walitokea wameketi katikati ya madumu na masufuria, kila mmoja na kipande cha mahali alipo.

Siku hiyo Mwalimu Mushagalusa aliita jina lililokuwa halijaitikiwa kwa miezi minne.

“Nzigire?”

“Nipo, Mwalimu!”

Darasa zima lilipiga vigelegele. Faida alimrukia rafiki yake, akakumbatia hewa, akacheka mpaka akaketi chini. Mama Faida alijifuta machozi kwa kitenge, kisha akautambua ukuta wa bluu nyuma ya mtoto.

“Nzigire mwanangu, uko wapi?”

“Kwenu, mama. Nyumba iliyobaki na paa ni yenu tu. Niko na wadogo zangu.”

“Na wazazi?”

Nzigire aliinamia daftari lake.

Mama Faida alimsogelea. “Chini ya jiko nilifukia debe la maharagwe. Lichimbue, mle.”

“Asante, mama. Nikimaliza hesabu,” alisema akitabasamu, akawa wa kwanza kunyoosha kidole.