Bakuli la Tatu

Tekla alisimama juu ya benchi, kamba katikati ya meno, akikifunga kilele cha msonobari kwenye boriti iliyo juu ya meza. Kilining'inia kichwa chini, kama ilivyo desturi ya usiku ule mmoja wa mwaka wafu wanaporudi nyumbani kula, lakini kilikuwa kimekwenda upande, na tufaha moja kati ya yaliyofungwa matawini nusura limgonge dada yake.

"Umekikata kama mtu anayechinja kuku," alisema Kunda. "Kilele hukatwa na mwanamume."

"Niletee huyo mwanamume, dada, nimpe shoka."

Kunda alicheka, kisha akakijutia kicheko chake. Mwanamume wa nyumba ile alikuwa Walek, mtoto pekee wa Tekla, na huu ulikuwa mwaka wa pili tangu padri awasomee barua ya jeshi: ameanguka vitani, amezikwa huko huko.

"Padri kasema tena Jumapili," Tekla alisema akishuka. "Eti kilele ni mambo ya wapagani."

"Padri ana miaka sita hapa kijijini. Hiki kilikuwa kikining'inia humu kabla kengele yake haijaletwa. Wafu washukie wapi, kwenye dohani?"

Tekla alijaza uji wa ngano na asali katika mabakuli mawili, kisha katika la tatu. Mwaka jana pia aliliweka. Asubuhi lilikuwa limejaa vilevile, wakampa ng'ombe. Hilo halikumshangaza, kwa kuwa wafu hula mvuke tu. Kilichomtafuna ni kwamba hakuna aliyebisha, hakuna hata ubao wa sakafu uliolia. Walek hakuja.

Sababu aliijua. Siku kijana alipoondoka, alimfokea kutoka mlangoni: "Ukienda, usirudi tena kwangu!"

"Akija," Kunda alisema, "unakumbuka? Usimtazame. Usimsemeshe. Ukimsemesha, harudi milele."

"Nakumbuka."

"Naujua huo mdomo wako."

"Nimesema nakumbuka, dada!"

Nyota ya kwanza ilipochomoza juu ya mlima, walipuliza benchi kwanza, wasije wakamkalia mgeni asiyeonekana, kisha wakaketi. Hawajafikisha kijiko cha pili, mlango ukafunguka.

Baridi iliingia, na nyuma yake harufu ya sufu iliyolowa. Tekla aliona ncha za buti mbili, akainamisha kichwa.

"Mama," ilisema sauti ya Walek.

Kucha za Kunda zilizama katika mkono wa Tekla.

"Mama mkubwa?"

Kilele kilizunguka taratibu kwenye kamba yake, kivuli chake kikipita juu ya meza.

"Mmeniwekea bakuli," sauti ilisema, ikitetemeka.

Hatua zilikuja, moja nzito kuliko nyingine. Alipofika kwenye benchi, alilipuliza kabla ya kuketi. Machozi yalimlenga Tekla. Hata huko aliko, mwanawe hajasahau adabu za nyumbani.

Akasikia kijiko kikigonga bakuli. Hakutazama.

"Nimetembea mbali sana, mama." Kijiko kiligonga tena, mara nyingi, kisha kikatulia. "Bado umenikasirikia?"

Tekla aliuma ulimi hadi akaonja damu. Sijakukasirikia, alisema moyoni. Yale yalikuwa maneno ya hasira, mwanangu. Rudi. Rudi kila mwaka. Ndiyo maana sisemi.

Alihisi akitazamwa utosini, kwenye kitambaa chake cheusi.

"Basi," Walek alisema kwa sauti ndogo. "Nimeelewa."

Benchi lililia. Kunda aliinuka, macho chini, akamfungulia mlango wazi kabisa, kama inavyopasa mgeni wa usiku huo anapoondoka. Kisha akaufunga na kuweka komeo.

Tekla aliangua kilio, lakini uso ulikuwa unacheka.

"Amekuja, dada! Na mimi sikusema hata neno."

"Hukusema," alisema Kunda, akimkumbatia. "Mwakani atarudi. Sasa atarudi kila mwaka."

Meza waliiacha hivyo hivyo, kama desturi, bila kuutazama upande ule. Tekla alilala usingizi mzito, wa kwanza tangu siku ya barua. Nje theluji ilianguka bila kupumzika, ikafunika ua, lango, na njia yote ya kupanda mlimani.

Asubuhi alikwenda kulichukua bakuli la tatu ampelekee ng'ombe.

Lilikuwa limekombwa hadi chini, na kijiko kimelazwa ndani yake kifudifudi, jinsi alivyomfundisha Walek alipokuwa mtoto.