Mvumo wa Pampu

Fundi Mbaruku alizungusha ufunguo nusu. Gari la mbio la marehemu mume wa Tunu lilikaa kimya.

"Hiyo ndiyo pampu mpya ya mafuta, mama. Presha tele, na wala huisikii. Mwanao atawatimulia vumbi wote."

"Ile ya zamani ilikuwa ikivuma kwanza, kabla injini haijawaka," Tunu alisema. "Nikiisikia jikoni, najua baba yake anaondoka. Nakimbia nimuwahi kwenye dirisha la gari, nimuage."

"Ilishachoka, mama."

"Bado unayo?"

Fundi alishuka garini, akaitoa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akaiunganisha na betri kwa nyaya mbili. Ikavuma.

Tunu alikuwa ameshafika kwenye dirisha la dereva, ameinama. Fundi hakuziachia zile nyaya.