Namba Haijaguswa

Kipande cha kamba ya chuma kilikatika, na mshale wa mashine ya kupimia ukabaki palepale kilipokatikia: kilonewtoni arobaini. Mwanakheri, mpimaji wa karakana, akaandika hivyo kwenye cheti. Hizo ni kama tani nne tu, na lifti ya wateja wao ilitaka kamba ya tani kumi.

Bosi wake, Kitwana, akalikata neno "kilonewtoni" na kuandika "tani".

"Namba sijaigusa, mama. Arobaini yako hiyo hapo. Weka sahihi."

"Yaani umeipa kamba nguvu mara kumi kwa kalamu?"

"Wapanda lifti wanabonyeza kitufe tu. Nani anasoma vipimo?"

Akacheka na sambusa mdomoni, mafuta yakidondokea cheti. Mwanakheri akakisukuma cheti kando. Miaka kumi na moja kila asubuhi alikuwa akimwamkia mtu huyu, tena kwa heshima!

Nje, lori la wenye lifti likapiga honi. Kitwana akanyoosha mkono wake wa mafuta aurudishe mshale kwenye sifuri. Mwanakheri akawahi kukiziba kioo cha mshale kwa kiganja, akageukia mlango.

"Ingieni!" akapaza sauti. "Njooni muone wenyewe!"