Mkate wa Nora

Siku hizo hakuna aliyefundisha tena. Ujuzi ulihamishwa kituoni, kutoka kichwa cha mzazi hadi cha mtoto, na aliyetoa alibaki bila. Moraa alipoanza kuzeeka, alimpa bintiye Kemunto kitu alichokithamini kuliko vyote: mkate wa Kiairishi aliourithi kwa mama yake, Nora, aliyetoka Ireland akaolewa Kisii.

Jumamosi iliyofuata Kemunto aliuoka kwa mara ya kwanza. Mikono yake ilijua yenyewe. Alichanganya unga na magadi, akamimina maziwa lala, akafanya donge upesi bila kulikanda sana, kisha akalichanja msalaba kwa kisu. Moraa alikaa mezani akimtazama kama mgeni.

"Mbona hutii hamira?" aliuliza.

"Magadi yanatosha, mama. Yakikutana na maziwa lala, mkate unaumuka."

"Ajabu! Nani amekufunza?"

"Ni wewe, mama."

Moraa akacheka kwa adabu. Mkate ulipoiva alikula vipande viwili kwa siagi, akausifu sana. Kisha akainua macho kwenye picha ukutani, ya mwanamke mzungu aliyevaa aproni.

"Na huyu ni nani?"

Kemunto hakuwahi kumwona Nora akiwa hai. Lakini sasa aliijua sauti yake, hata jinsi alivyomgombeza Moraa mdogo kwa kuuchezea unga. Alitamani kumrudishia mama yake hayo yote, na njia haikuwepo.

"Ni mama yako," alisema.

Moraa aliitazama picha tena. "Ana uso wa upole," akasema, akaomba kipande kingine.