Majibu ni Muhula Ujao

Kila Bi Mwasiti alipopanga kadi zake za maneno ya Kiingereza akatanguliza ile yenye neno la mtoto, mwalimu wa Kiingereza alimchapa rula vidoleni.

"Hapo umesema mwanao atapona. Nani kakwambia? Uliza! Swali la Kiingereza halianzi na mtoto."

Wanafunzi wenzake, watu wazima na ndevu zao, wakaangua kicheko.

Siku ya tano alizipanga sawasawa. Akazifunga kwenye pindo la kanga, akaenda nazo hospitali, akazitandaza mbele ya daktari mgeni asiyejua Kiswahili na kuuliza bila kukosea.

Daktari akavua miwani, akajibu kirefu, polepole. Bi Mwasiti hakuambulia hata neno. Majibu, alikwisha kusema mwalimu, ni muhula ujao.

Kisha daktari akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Bi Mwasiti akadhani anapongezwa. Akatabasamu, akaanza kuzikusanya kadi zake, ile ya mtoto ikabaki ya mwisho.