Maziwa Yameganda

"Umechelewa mno, mama," alisema Daktari Lukindo, macho kwenye kompyuta. "Uvimbe huu wa titi ungekuja nao mapema, tungeuwahi. Lakini nyinyi mpaka mmalize waganga wote ndipo mnatukumbuka."

Damu ilimchemka Bi Siwema. Alifungua pindo la kanga, akatoa simu, akaiweka juu ya faili lake. Hospitali hiyo ilimrekodi kila mgonjwa akiwa na daktari, kisha ikampa video aende nayo nyumbani, asije akasahau maelekezo. Aliyoiwasha ilikuwa ya miezi minane iliyopita.

Kwenye video alikaa kiti kilekile, akisema ana kivimbe kwenye ziwa. Daktari yuleyule, macho kwenye kompyuta ileile, akamjibu, "Maziwa yameganda hayo, mama. Endelea kumnyonyesha mtoto, patalainika."

"Kitindamimba wangu ana ndevu," alisema Bi Siwema. "Nilikuona huniangalii, nikajiambia labda waliosoma wanaona bila kuangalia. Nikaenda zangu."

Daktari alinyoosha mkono aizime simu. Bi Siwema akaudaka, akaukandamiza mezani.

"Iache iseme! Na ya leo pia naondoka nayo."

Ndipo daktari alipoinua uso kwa mara ya kwanza. Macho yake yakampita Bi Siwema, yakaenda kuganda ukutani nyuma yake, kwenye taa ndogo nyekundu ya kamera.